Tepu Nyeupe

Mkono wa Reuben ulikuwa kwenye kiuno cha Proscovia. Si begani, si kwenye kiwiko. Kiunoni kabisa, pale mshipi wa sare ya ulinzi unapokaa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya maji baridi niliyomletea yeye, Reuben, mchumba wangu, na maji yale nusura yachemke mkononi mwangu.

"Usizungushe mabega, Prossy," alikuwa akimwambia. "Geuka na kiuno. Kiuno kikienda, mikono inafuata yenyewe."

Kiuno kikienda! Na kile kiuno chenyewe kilikwenda, nakwambia. Proscovia alikaa kwenye kiti cha drams, mrefu, shingo imenyooka, vijiti mkononi, akatoka ngoma ya kwanza hadi ya pili hadi ile kubwa ya sakafuni, taratibu, huku mchumba wangu akimgeuza kama mtu anayefungua mtungi wa asali. Nilikunywa yale maji mimi mwenyewe, yote, nikatupa chupa.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa 2013, katika ukumbi mdogo wa ghorofani kule Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa. Kwetu Doha Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili, kwa sababu ndiyo siku ambayo wengi tulipewa mapumziko. Ukumbi haukuwa wetu peke yetu. Asubuhi waliutumia Wafilipino, adhuhuri Waghana, alasiri sisi wa Afrika Mashariki. Drams zilikuwa seti moja ya wote, na kila kundi lilikuwa limebandika tepu yake kwenye zulia kuonyesha kila kitu kinakaa wapi. Tepu za Wafilipino zilikuwa za buluu, za Waghana njano, zetu nyekundu. Ukimaliza ibada unazisogeza ngoma mpaka kwenye alama za wanaofuata, kila mguu juu ya tepu yake, ndipo unaenda nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya ukumbi, na hakuna aliyeivunja.

Zile nyekundu alizibandika Reuben. Alipima kwa mikono yake, na Reuben ana mikono inayoweza kuzima taa bila kutoka kitandani. Kwa hiyo seti yetu ilimkaa yeye kama shati lililoshonwa kwa fundi. Alikuwa akivua viatu na kupiga kwa soksi, eti kiatu kinaufanya mguu usisikie, na akishaanza, watu wa chini walikuwa wakipanda ngazi kuja kuuliza ni nani huyo. Mimi niliimba mstari wa mbele. Kila nilipogeuka nyuma nilimwona, nikajua huyo ni wangu. Desemba tulikuwa tumeomba likizo pamoja. Wazee wake wangetoka Kitale kuja kwetu Bungoma kuniposa rasmi. Mama alishaanza kuwaambia majirani, na mama akishawaambia majirani, hakuna kurudi nyuma. Nilikuwa na mwanamume mmoja duniani na sikuwa na mpango wa kumgawa.

Tatizo ni kwamba Reuben na Proscovia walikuwa walinzi wa kampuni moja. Mimi nilitandika vyumba katika hoteli moja ya West Bay. Wao kila alfajiri walipanda basi moja, Reuben akishushwa kwenye jumba la ofisi na Proscovia kwenye duka kubwa. Basi moja, kila siku, viti vya wawili wawili. Hebu fikiria.

Jioni ile, tukiwa tunashuka ngazi, nilimkamata.

"Kwa nini yeye?"

"Kwa nini yeye nini?"

"Usinifanye mjinga, Reuben. Drams. Kwa nini unamfunza yeye?"

"Zamu zangu zinabadilika, bebi. Ijumaa nikiwa kazini nani atapiga? Mchungaji ameniambia nitafute mtu."

"Kwani mimi sina mikono?"

Alicheka. "Wewe ni wa kuimba. Halafu wewe ni kafupi. Prossy mikono yake inafika."

Prossy. Jina la mwenzake ameshalikata, amelitia mfukoni. Nikamwambia Ijumaa ijayo nitakuja mapema na mimi nitafunzwa, apende asipende.

Nilifunzwa, na nilikuwa kituko. Vijiti viligonga kingo za ngoma, viligongana vyenyewe kwa vyenyewe, kimoja kikaruka mpaka kwenye viti vya waimbaji. Nikitaka kutoka ngoma ya katikati ya magoti kwenda zile mbili za juu, mkono wa kulia ulipita juu ya wa kushoto ukanasa huko, kama mtu aliyevaa sweta vibaya. Toazi la upande wa kulia sikulifikia mpaka ninyanyuke kitini, na nikinyanyuka, mguu unatoka kwenye pedali na besi, ile ngoma ya mguu, inakufa. Proscovia alijiuma mdomo asicheke. Reuben hakujiuma. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaja akanibusu kwenye paji la uso mbele ya watu wote.

"Umejaribu, mama," akasema. "Umejaribu sana."

Wiki zile alinipenda kweli. Alinipigia simu mchana, alinitumia picha ya chakula chake, alinishikia mkoba. Mimi nilidhani wivu wangu umefanya kazi yake.

Lakini sikuacha. Mtu akinicheka mbele ya Proscovia, huyo amenipa kazi ya mwaka mzima. Kwenye makazi ya kampuni, chumbani kwetu, nilipanga mito kitandani, ndoo ya kufulia ikawa ngoma ya sakafuni, hanga ukutani ikawa toazi. Nikapiga kila siku nikitoka kazini. Peninah, tuliyekaa naye chumba kimoja, alilala kitanda cha juu akinitazama kama sinema.

"Huyo mto umekukosea nini?"

"Niache."

"Ukimaliza kumchapa Proscovia unirudishie, nataka kulala."

Mito haikunisaidia. Kilichonisaidia ni kazi yangu. Kutandika vyumba kuna utaratibu wake, na msimamizi wetu alitufundisha kwa ukali siku ya kwanza. Unaanzia mlangoni, unafuata ukuta upande mmoja, unazunguka chumba chote mpaka urudi mlangoni. Hurudi nyuma. Huegemei kitanda kufikia upande wa pili. Unamaliza huku, unazunguka, unamaliza kule. Asiyefuata hivyo, mgongo humvunjika kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nafanya hivyo mwaka wa tatu, bila kufikiri.

Asubuhi moja nilikuwa nalainisha foronya, nikashtuka. Mkono ulikuwa bado kwenye mto, lakini mguu ulishaelekea meza ya kando, kiuno kilishageuka, na macho yalishafika kwenye taa. Mkono ulikuja mwisho, ukakuta kila kitu kiko tayari. Nikarudia. Foronya, meza, taa, pazia. Kiuno kikienda, mikono inafuata yenyewe. Yale maneno aliyomwambia Proscovia yalikuwa ya kweli kabisa, na hilo liliniudhi mpaka nikakaa kwenye kitanda cha mgeni, jambo ambalo tumekatazwa.

Hapo nikaona na jambo la pili. Kule hotelini kila mmoja wetu hupanga kitoroli chake mwenyewe. Mrefu huweka taulo juu, mimi huziweka katikati. Hakuna anayefanya kazi na kitoroli cha mwenzake, maana utakuwa unanyoosha mkono siku nzima kutafuta sabuni. Sasa mimi kule kanisani nilikuwa nikihangaika na kitoroli cha Reuben.

Ijumaa iliyofuata Reuben alikuwa kazini. Nikamwomba Mchungaji Laban anichukue mapema. Yeye katikati ya wiki alikuwa dereva wa familia moja ya Al Wakrah, na Ijumaa walimwachia gari atubebe. Waghana walipotoka tu, nikaanza. Niliteremsha kiti. Nilivuta besi karibu. Zile ngoma mbili za juu nilizilaza zinielekee, ile ya sakafuni nikaisogeza mpaka gotini, toazi nikalishusha mpaka mkono ulipolifikia bila bega kupanda. Kisha nikatoa tepu nyeupe niliyokuwa nimenunua na kubandika alama zangu kando ya zile nyekundu. Sikuzigusa zile nyekundu hata moja, kwa sababu adabu ya ukumbi ninaijua.

"Reuben anajua?" Mchungaji aliuliza.

"Atajua."

Nikavua viatu. Nikaanza polepole, kama ninayeingia chumbani. Ngoma ya magotini, kiuno, ya kwanza, ya pili, kiuno, ya sakafuni, toazi, nikarudi mlangoni. Tena. Sikuifukuzia ngoma yoyote. Nilipofika, kila moja ilikuwa pale, na mkono uliofuata ulikuwa umeshaanza safari. Nikaongeza mwendo. Mikono haikunasana tena. Nilizunguka seti ile yote bila kusikia mahali ngoma moja inapoishia na nyingine inapoanzia, na mguu kwenye besi ukaendelea kutembea wenyewe, tuu, tuu, kama hauna habari na mimi. Nilianza kucheka peke yangu. Sijui nilipiga muda gani.

Nilipoinua macho, Proscovia alikuwa mlangoni na nusu ya waimbaji.

"Banange, Nasimiyu!" alishangaa kwa Kiganda chake. "Mikono iko wapi? Mimi siioni!"

Alikuja akanikumbatia. Nilikaa kama gogo. Nilifikiri, huyu ananikumbatia ili anuse manukato niliyopewa na Reuben.

Reuben alisikia habari kwenye basi, kutoka kwa nani kama si yeye. Wiki iliyofuata alikuja, akasimama mikono kifuani nikampigia wimbo mzima. Nilimtazama nikingojea lile busu la paji la uso. Alikuwa akitazama zulia.

"Nani amebandika hizi?"

"Mimi. Zako ziko pale pale."

"Ngoma umezishusha sana. Umepiga mbio. Halafu drams si kitanda cha hoteli, Nasimiyu, huwezi kuzitandika tu."

Nasimiyu. Si bebi, si mama. Kisha akamgeukia Proscovia, sura ikafunguka yote. "Prossy, njoo tumalizie ile ya juzi." Akamfundisha saa nzima, kwa upole, kwa utani, na Proscovia akikosea, alicheka akamshika kifundo cha mkono na kumwonyesha tena. Alikuwa bado anazungusha mabega, yule dada. Hakuwa ameendelea hata kidogo. Lakini Reuben alimsifu. "Umejaribu sana," alimwambia.

Basi wivu ukaniingia mpaka kwenye meno. Reuben aliacha kupiga simu mchana. Nikawa nafungua WhatsApp kutazama ni saa ngapi yeye alikuwa hewani, kisha ni saa ngapi Proscovia alikuwa hewani, halafu nawalinganisha kama askari wa upelelezi. Nikikuta wote wawili wameonekana saa moja jioni, silali. Peninah aliniambia saa moja jioni Doha nzima iko hewani, wakiwemo yeye na mama yake. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshaamua. Amenichoka, anamtaka mrefu, na Desemba wazee wa Kitale hawatafika Bungoma.

Ndipo ikaja ibada ya pamoja. Mara moja kwa mwaka makundi yote matatu ya ukumbi ule yaliabudu siku moja, kila kundi na nyimbo zake. Reuben alikuwa amepangwa zamu ya mchana, hivyo ilibidi mwingine apige. Mchungaji Laban aliniita kando.

"Reuben anasema Proscovia ndiye yuko tayari zaidi."

"Proscovia?"

"Ndivyo alivyosema, na yeye ndiye kiongozi wa muziki. Lakini mimi pia nina masikio, sister. Wewe utapiga nyimbo za mwanzo, zile za kuchangamka. Yeye apige zile za polepole."

Kwa hiyo alimpendekeza yeye. Kwa mchungaji, waziwazi, akinijua mimi. Nilikwenda chooni nikalia, nikaosha uso, nikarudi kuimba. Niliapa kwamba siku ile ya pamoja nitapiga mpaka Reuben asikie huko huko kwenye lindo lake.

Siku yenyewe nilifika nimevaa kitenge kipya. Ukumbi ulikuwa unajaa, Wafilipino wanapanga gitaa zao, Waghana wanacheka dirishani. Nikaenda moja kwa moja kwenye drams kuziweka sawa. Zilikuwa kwenye tepu nyekundu. Nikainama kutafuta zangu nyeupe, na hazikuwepo. Zulia lilikuwa na mabaka ya gundi tu pale zilipokuwa. Kiti kilikuwa kimepandishwa na kukazwa mpaka skrubu haizunguki kwa mkono.

Sikufikiri hata kidogo. Proscovia alikuwa anaingia mlangoni na waimbaji wengine, ameshika vijiti.

"Wewe!" nikampigia kelele, na ukumbi wote ukageuka. "Mchumba wangu umechukua, basi lake umepanda, na sasa unanibandulia tepu zangu? Unataka nini tena, unataka na jina langu?"

Proscovia alisimama. Uso wake mrefu ule ulibadilika rangi.

"Mimi? Nnyabo, mimi nimefika sasa hivi. Mimi na wewe tumekuja gari moja. Ulikaa mbele yangu."

Ilikuwa kweli, na haikunizuia. "Ulikuja jana! Ulituma mtu!"

"Mimi hata sikutaka kupiga leo," alisema. "Nilimwambia Reuben, Nasimiyu apige zote. Amekataa. Kila siku kwenye basi ni hivyo tu, Nasimiyu amepiga vibaya, Nasimiyu amekosea. Mimi nimechoka na jina lako."

Hapo ndipo Reuben alipotokea nyuma ya spika, amekunja waya begani. Sikujua kama yumo ndani. Hakuwa na sare.

"Wacheni kelele, watu wanatazama," alisema. "Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Nimekuja mapema kupanga vyombo na kuvijaribu. Kama mna vita, khalas, yaishe, nitapiga mimi mwenyewe."

Akaweka waya chini, akaja kwenye drams, akakaa kwenye kile kiti kirefu. Akavua kiatu cha kushoto, akavua cha kulia, akaupeleka mguu kwenye pedali.

Chini ya soksi yake nyeusi, kisiginoni, kilikuwa kimenata kipande cha tepu nyeupe.

Nilikitazama. Proscovia naye alikitazama. Nilitaka kiwe kitu kingine, karatasi, uzi, chochote. Nilihesabu njia zote ambazo Proscovia angeweza kukibandika pale, nikaishiwa.

"Reuben," nikasema. "Soksi yako."

Akainua mguu, akaona. Hakuona haya mara moja, kwanza alikasirika. Aliniinamia pale kitini, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Unajua walichoniuliza Waghana wiki iliyopita? Wameniuliza kama ni wewe uliyenifunza mimi. Mimi! Miaka sita nimepiga hapa Doha, Nasimiyu. Wewe umekuja juzi na mito yako."

"Sasa ungeniambia."

"Nikwambie nini? Uache?"

Wakati wote ule nilikuwa nimelinda mlango wa mbele, namchungulia Proscovia. Kiuno chake hakikuwa na kosa lolote. Reuben alimpenda kitini pale kwa sababu alijua Proscovia hatamfikia kwa kupiga, kama alivyonipenda mimi nilipokuwa narusha vijiti kwa waimbaji. Mwanamume yule alikuwa na wivu, na wivu wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Mchungaji Laban alikohoa. "Watu wa Mungu, tunaanza."

"Ondoka kitini, Reuben," nikasema.

Alinitazama akidhani natania. Nikangoja. Akaondoka, na viatu vyake mkononi.

Skrubu ya kiti ilinishinda. Proscovia alipiga magoti kando yangu, akaishika kwa mikono miwili mirefu, ikazunguka. Kisha akaokota kile kipande cha tepu kilichokuwa kimedondoka zuliani kutoka kwenye soksi, akakishika juu ya kidole.

"Hiki kilikuwa wapi?"

"Chini ya ngoma ya sakafuni, mguu wa mbele," nikasema. "Proscovia. Nimekukosea."

"Sana," alisema, akakibandika. "Sasa piga."

Nilivuta besi, nikalaza zile mbili za juu, nikashusha toazi. Nikaanzia mlangoni, kama siku zote. Waimbaji walipokea wimbo, Waghana wakaanza kupiga makofi, na mimi nikazunguka, kiuno mbele, mikono nyuma yake, ngoma baada ya ngoma, bila kurudi nyuma. Nilipofika kwenye toazi niliinua macho.

Reuben alikuwa amesimama ukutani kwa soksi. Proscovia alikuwa pembeni yake kabisa, amevaa gauni la buluu lililomkaa vizuri, anacheza, anang'aa, anapendeza kuliko siku zote. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue mwanamume yule, nilitamani amgeukie. Nilitamani amtazame hata kidogo tu, kama mwanamume. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu, yakiifuata kutoka ngoma hadi ngoma, yakingojea ikosee, na Desemba ilikuwa karibu.